Nani Apewe Mtamba wa Nyendo

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii hii ya barabara za lami, palikuwa na mwanamke anaitwa Nyendo, akiuza vitunguu pale mteremko wa Chilonji unapoishia. Nyendo alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mazoezi yake aliyafanyia kwenye malori. Lori likishuka, anasoma maandishi ya kioo cha mbele. "A-cha wa-se-me." Likishuka lingine, anasoma tena. Wenzake wakimcheka, anawaambia, "Chekeni tu. Dunia nzima inapita hapa, na mimi naijua kwa majina."

Siku hiyo lori la mahindi lilishuka linapiga honi mfululizo. Wenzake wakakimbia. Nyendo akabaki nyuma ya mafungu yake, macho kwenye kioo. "U-si-we na ha..." Hakumaliza. Lori liliacha lami, likapita juu ya vitunguu, likamwangusha, likamsaga mguu wa kulia, likaenda kujikita kwenye ukingo wa udongo.

Watu wakajaa. Sasa kule Chilonji damu ya mtu haiachwi juani. Ikimwagika, wanawake wanakuja na fagio na mchanga, wanafagia, wanafukia. Wakaja na fagio zao. Wakamkuta Sechelela, wifi yake Nyendo, keshakata matawi kayapanga barabarani huku na huku, na mwenyewe kakaa chini, kwenye alama za matairi, miguu kainyoosha.

"Inuka tufagie!"

"Hafagii mtu hapa."

"Mke wa kaka yako anakufa, wewe umekaa kama unasukwa nywele?"

"Kaeni naye nyie. Mimi nakaa na alama. Mkizifuta, kesho wenye lori watasema alikuwa katikati ya lami anacheza ngoma."

Ikatokea pikapu. Dereva wake akasema, "Nipisheni nimwahishe mgonjwa." Sechelela akasema, "Upite juu ya alama? Zunguka shambani." Pikapu ikazunguka shambani, ikazama kwenye mchanga. Wakasukuma, wakasukuma. Nyendo, kichwa kwenye mapaja ya jirani, alikuwa anaisikia injini inanguruma pale pale karibu, na haiji.

Trafiki walifika, wakapima alama zote. Nyendo alifika hospitali jua limeshazama. Daktari akautazama ule mguu, akasema, "Mngewahi kidogo, pengine..."

"Malizia, dokta," Nyendo akasema.

 Mguu ukakatwa.

Nyendo akarudi nyumbani, kalala kwenye mkeka, mume alikwishafariki, watoto wanamtazama. Usingizi hauji. Akigeuka huku, mguu usiokuwepo unamuuma. Akigeuka kule, anawaza: nitakula nini mimi na hawa? Jirani aliyewahi kufanya kazi mahakamani akamwambia, "Una haki ya fidia, mama. Lakini mwenye lori hatakaa kimya."

Hakukaa kimya. Siku ya pili ikaja gari nyeupe. Akashuka mtu wa kampuni ya lori, shati safi, sauti ya taratibu, na mwenyekiti wa kijiji, na vijana wamebeba mchele, mafuta, sukari na blanketi.

Mama mkwe wake Nyendo, Bibi Luhanga, alikuwa mlangoni anachambua mlenda.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kuwapa pole."

"Marahaba. Pole tumeipokea. Hivyo vitu vya nini?"

"Ni mkono wa pole tu, bibi. Simama hapa na mwenyekiti wa kijiji, tupige picha kidogo."

Bibi akaweka mlenda chini. "Mwanangu, nimezika watu wengi mimi. Sijawahi kuona pole inapigwa picha."

"Ni kawaida yetu, bibi."

"Na kawaida yetu, mtu akipokea mbele ya mwenyekiti, amesamehe. Unaijua hiyo, ndiyo maana umekuja naye. Beba mchele wako."

Mwenyekiti akaona haya. "Bibi, unamrudisha mgeni na mkono wake? Watu watatuonaje?"

"Watuone hivyo hivyo."

Mle ndani, Nyendo alikuwa anataka kuita, "Mama, pokea!" Watoto walikuwa wameuona ule mchele. Neno likamfika mdomoni, akalimeza. Gari ikaondoka na mchele wake. Tangu siku hiyo wakala uji mwepesi, na ndugu wakaacha kuja, wanasema nyumba ile ina kiburi. Mtoto mdogo akadhoofu mpaka shingo ikawa kama kijiti.

Basi usiulize roho ya Nyendo ilikuwaje kesi ilipokaribia. Watu walipojaa uani kumtazama, akasema kwa sauti, "Sina kitu, nina mtamba mmoja. Nikiipata haki yangu, mtamba huyu ni wa yule aliyeniokolea haki yangu." Watu wote wakasikia.

Wakaenda mahakamani. Wakili wa kampuni akasema, "Mama huyu alisimama kwenye lami anasoma vioo." Vikaletwa vipimo vya trafiki: matairi yaliacha lami, yakamfuata alipokuwa. Wakili akasema, "Familia ilikwisha kusamehe." Akaulizwa, walipokea nini, nani aliona? Hana picha, hana shahidi. Wakili akasema, "Basi ni ajali ya bahati mbaya. Lori lilikuwa zima."

Hapo akasimama dereva wa lori mwenyewe, Kikoti, mtu wa Iringa, kwa watani wa Chilonji.

"Lori halikuwa zima. Breki nilimwambia bosi, nikamwambia tena. Akasema, peleka mzigo, utatengeneza ukirudi. Juzi kaniambia niseme mama alikuwa barabarani, naye atanitoa kwenye kesi. Siwezi. Breki nilijua ni mbovu, na nilipanda nikaendesha."

Nyendo akashinda. Fidia ikatoka. Kikoti akafungwa, leseni ikaenda, na alipotoka hakuna tajiri aliyetaka kumsikia.

Ndipo siku moja, mtamba bado hajapewa mtu, akaja Chilonji, akapiga hodi. Sechelela akamuona. "Haa! Mtani, umemaliza kuvunja watu miguu, sasa umekuja kuchukua na ng'ombe?"

"Mtani, nimesikia ahadi," Kikoti akasema. "Ningenyamaza, ningekuwa kwenye usukani mpaka leo. Alama zenu zinasema lori lilipita wapi. Hazisemi kwa nini. Bila mimi, ilikuwa bahati mbaya tu. Mtamba ni wangu."

"Wako? Bila mimi, hata hilo lori lenu kuacha lami lisingejulikana!" Sechelela akasema. "Nimetukanwa mimi, nimeitwa mchawi, nimekaa kwenye udongo wa moto wenzangu wamenisimamia na fagio. Mtamba ni wangu."

Bibi Luhanga akacheka kwa pua. "Mmoja kamkata mguu kwa lori, mwingine kaumalizia kwa kuzungusha pikapu, halafu wanadai zawadi! Bila mimi, haki yenu wote ingeuzwa kwa mchele. Nimewalaza wajukuu zangu na njaa kwa mkono wangu. Mtamba ni wangu."

"Mama, na yule mdogo nusura tumzike," Sechelela akamjibu.

"Najua! Unadhani hilo silioni kila nikimtazama?"

 Nyendo alikuwa anatembea na magongo yake, anafika kwenye zizi, anarudi, anafika, anarudi. Jirani akashauri, "Achinjwe, mgawane."

"Ana mimba," Nyendo akasema. "Na sikusema nyama, nilisema mtamba."

Akamtazama wifi yake, akaisikia ile injini shambani. Akamtazama mkwewe, akaiona shingo ya mtoto. Akamtazama Kikoti. Kikoti alikuwa anatazama chini, pale ambapo mguu mmoja wa Nyendo ulikuwa umesimama peke yake. Nyendo akaingia zizini, akafungua kamba, akamtoa mtamba uani. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Haya, nyie mliokaa hapa, msiniangalie mimi. Kila mmoja alimwokolea haki yake, na kila mmoja alimuumiza. Mtamba ni mmoja na ahadi imeshatamkwa. Kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?