Vigae Viwili Vilivyong'oka

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetamani kitu asipokubali kujishusha kukitafuta, ataambulia patupu. Msichana aliyebandikwa jina la Kompyuta aliweza kuieleza methali hiyo bila kusita. Kuinama kwenyewe ndiko kulikomshinda.

Alikuwa bingwa wa chama cha mafumbo ya hesabu shuleni. Wenzake wakichora na kufuta, yeye alifumba macho na kutoa jibu. Ijumaa moja mwalimu aliwaonyesha sakafu ya darasa: vigae vyeupe na vyeusi vilivyopishana, vinane kwa vinane, ila viwili vya pembe zinazotazamana kimshazari vilikuwa vimeng'oka. Aliwapa kadi, kila moja ikitosha kufunika vigae viwili vinavyopakana. Je, vigae vyote vilivyobaki vingefunikwa bila kukata kadi wala kuzipandanisha?

"Haiwezekani," alisema Kompyuta, kabla wenzake hawajapiga magoti.

Sheria ya chama ilikuwa moja: asemaye haiwezekani aonyeshe kwa nini kufikia Ijumaa inayofuata, la sivyo atoke. Na chama hicho ndicho kilichomfanya Kompyuta apende kuja shule.

Wiki nzima alifumba macho, vigae vikamvurugikia kichwani. Mama yake, fundi cherehani, alipomwona anasukuma sahani ya chakula, alimwambia, "Mwanangu, gauni halishonwi kichwani."

Ijumaa aliwahi darasani, akapiga magoti. Aliona haya, maana kadi alikuwa akiziita michezo ya watoto. Alipanga akakwama, akapangua, akaanza upya kutoka pembe nyingine. Magoti yalimuuma na sare ikajaa vumbi, lakini alikataa katakata kuinuka. Kila alipobakiza vigae viwili, vyote vilikuwa vyeusi. Akageuka kuzitazama zile pembe zilizong'oka vigae.

Mwalimu alipofungua mlango, Kompyuta alisahau hata shikamoo.

"Kila kadi inakula cheupe kimoja na cheusi kimoja," alisema. "Vilivyong'oka vyote ni vyeupe. Vyeusi viwili vitakosa wenzao tu, upange utakavyopanga."

Mwalimu aliweka mkoba chini, akapiga magoti kando yake.

"Kaa hapo hapo mwanangu, wenzako wanakuja. Fumbo la leo utalitunga wewe."

Kompyuta alicheka kwa furaha huku akijipangusa vumbi. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.