Sauti za Chumba cha Ndani

"Anyooshaye njia aulize aishiye konani." Methali hii ilianza hivi, nanyi mlioisikia leo darasani mkadhani ni ya wakata barabara, mtashangaa, kwani ilizaliwa mbele ya kompyuta.

Huko Songea palikuwa na nyumba moja ya kuhifadhi sauti. Watu wake walizunguka vijijini wakiwarekodi wazee: nyimbo za kutwangia, hadithi, majina ya vijito ambavyo hakuna tena anayevitaja. Msimamizi wa hifadhi alikuwa Mzee Gaspari Hyera, mtu wa maneno machache na sweta moja. Fundi wa kompyuta alikuwa Skolastika Mbawala, mwanamke hodari, mwepesi wa kusaidia, na mwepesi vilevile wa kuudhika akiona kitu kibovu kimeachwa kibovu.

Kompyuta ya nyumba ile haikuendeshwa kwa kubofya picha kama hizi zenu. Uliandika amri kwa maneno, na programu ya amri ikatii. Sauti zilipangwa katika mafolda, folda ndani ya folda, kama nyumba yenye chumba ndani ya chumba. Ukiandika alama ya nyota moja, maana yake ni jina lolote lililomo katika chumba hiki. Ukiandika nyota mbili, ni chumba hiki na vyote vilivyomo ndani yake, mpaka cha mwisho. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini programu ile ilikuwa na kasoro ya tangu zamani: nyota mbili ziliingia chumba cha kwanza tu, zikageuka.

Jambo hilo lilimkera Skolastika. Watafiti walikuja kutafuta wimbo, kompyuta ikasema haupo, naye anajua upo, umelala huko ndani zaidi. Basi siku moja akaufungua msimbo wa programu ile, akasoma, akakuna kichwa, akasoma tena, mpaka akapaona mahali penyewe. Programu ilipofungua folda na kukuta folda nyingine ndani yake, haikurudia kazi ile ile humo. Akaandika irudie, mpaka pasiwe na folda nyingine ya kufungua. Akajaribu kuutafuta wimbo wa kutwangia. Ukatokea, pamoja na nyingine ambazo watu walishazikatia tamaa. Ofisi nzima ilifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kazi ilikuwa nzuri. Sitaki mtu amwone Skolastika kuwa mjinga.

Mzee Hyera akapita na kikombe chake cha chai.

"Binti, naona mnacheka. Umetengeneza nini?"

"Kitu kidogo tu, Baba. Ni cha watafiti, hakikuhusu."

Mzee akampa hongera, akaenda zake. Laiti Skolastika angemvutia kiti wakati ule, hadithi hii isingekuwapo, na mimi ningefurahi isiwepo.

Sasa sikieni jinsi mzee alivyoishi na kasoro ile. Kila Ijumaa alisafisha folda ya kazi, ile ya rekodi za majaribio, zenye vikohozi na upepo mtupu. Alitumia amri ya kufuta aliyoachiwa na msimamizi aliyemtangulia, nayo ilikuwa na nyota mbili. Kwa miaka mingi aliona inafagia chumba cha kwanza, vya ndani haivigusi. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya amri. Basi chumba cha ndani kabisa cha folda hiyo akakifanya mahali pa amana. Humo akaweka sauti ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa wala kupelekwa popote, ikiwamo ya mama yake, Bi Paskalia, akisimulia utoto wake. Bi Paskalia alikuwa ameshazikwa.

Ijumaa ile mzee akaandika amri yake kama kawaida. Nyota mbili, sasa zikiwa zimepona, zikaingia chumba baada ya chumba mpaka cha mwisho. Amri ile haiulizi mara mbili, wala haina pipa la taka utakalorudi kuokota. Na baada ya usafi, kompyuta ikafanya desturi yake ya kila Ijumaa: ikajinakili ilivyo kwenye diski ya akiba, ikifuta huko kila kisichokuwapo huku. Kilichopotea kikapotea mara mbili.

Jumatatu mzee akamwita Skolastika. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwanangu, chumba cha ndani ni kitupu."

Skolastika akaitazama amri kwenye kioo, akaelewa kabla hajaketi.

"Baba, kwa nini uliziweka humo? Ile ilikuwa kasoro."

"Nani aliniambia ni kasoro? Mimi nilikuta njia ina kona, nikajenga konani. Wewe ukanyoosha njia."

"Nilikuwa narekebisha."

"Ndiyo, na ulirekebisha vizuri. Lakini nilikuuliza umetengeneza nini."

Lile neno lake mwenyewe, hakikuhusu, lilimrudia Skolastika likamchoma.

"Nitairudisha ilivyokuwa," akasema. "Leo hii."

"Usiirudishe. Aliyeishi konani keshaondoka."

Diski ikapelekwa kwa fundi Dar es Salaam. Akahangaika nayo, na katika yote akaokoa kipande kimoja kinachosikika. Mzee na Skolastika wakakisikiliza wawili. Kuku analia, kiti kinasogezwa, kisha Bi Paskalia anauliza, "Nianze?" Halafu kimya. Mzee akaomba kirudiwe. Skolastika akakirudia, na kila alipoombwa akakirudia tena, machozi yakimtoka.

Tangu hapo hakugusa kitu kilichozoeleka, hata kiwe kibovu mchana kweupe, kabla ya kupita meza kwa meza akiuliza nani anakitegemea kilivyo. Wageni walimwona mwoga. Wenzake hawakumcheka. Kila alipoinuka kwenda kuuliza, wao ndio walioanza kuisema methali hii, kwa sauti ya chini.

Ndiyo maana leo mwalimu wenu, alipomkuta mmoja wenu akirekebisha programu ya ofisi ya shule bila kumwambia mtu, hakumgombeza. Alisema tu: anyooshaye njia aulize aishiye konani.