Kwa Nini Barafu ya Mwisho wa Dunia Ina Tumbo la Kahawia

Apa kwanza. Sema, "Haki ya Mungu, simwambii mtu." Haya. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo, nikaitunza siri mpaka nilipofika kisimani. Sogeeni wote basi.

Zamani, huko mwisho wa dunia ambako bahari huganda, Barafu alikuwa mweupe juu na chini. Jua alipokaribia kwenda safari yake ndefu, kila kiumbe alimkabidhi Barafu chembe ya mwanga aiweke tumboni. Mwanga ule ulikuwa hauguswi. Ndio uliomwonyesha Jua njia ya kurudi. Ukizimika, giza ni la milele.

Mwaka mmoja, giza likiwa limekolea, mwanga ukaanza kupungua. Kila walipoamka umefifia zaidi, na ndani ya Barafu kitu kinakwaruza: kwaru, kwaru. Akina mama wakawakumbatia watoto. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake.

Nyangumi, mlinzi wao, akakagua midomo amjue aliyekula mwanga. "Achama! Toa ulimi!" Wote wakaachama isipokuwa Kijimwani, mmea wa majini, mdogo hata macho hayamwoni vizuri.

"Mimi niachame nini, babu?" akacheka. "Mdomo wenyewe sina! Mtazameni Uduvi anavyotetemeka. Asiye na jambo hatetemeki."

Maskini Uduvi, kamba yule mdogo, kutetemeka ndiyo asili yake. Mama yake akalia, "Mwanangu hajala kitu! Tumbo lake ni kioo, hamlioni?" Lakini hofu haina masikio. Nyangumi akafungua kinywa ammeze Uduvi.

Alipojiinua, mgongo wake ukamgonga Barafu. Pwaa! Pande kubwa likameguka, likapinduka tumbo juu. Tumbo lilikuwa la kahawia kama sufuria iliyounguza uji, na katika kila ufa Kijimwani na ukoo wake wamejibana, wamevimba, mwanga wa watu unawaka miilini mwao. Kumbe asiye na mdomo hula kwa mwili mzima!

Jua, aliyekuwa amepotea, akauona mwanga ule kwa mbali, akarudi. "Uduvi," akasema, "mla haki yako ndiye chakula chako."

Na tangu siku hiyo uduvi huikwangua barafu kwa chini, wakimla Kijimwani. Naye, mnadhani ameacha? Kila giza likiingia hujibana palepale. Kisha barafu hupinduka, na huyo hapo, mbele ya wote, mchana kweupe, mwanga bado uko mwilini.