Pimbi na Kamba za Moto za Juani

Hapo zamani za kale, kabla pimbi hawajayajua majabali yetu haya, wanyama walikuwa wakiishi juani. Ndiyo, juu ya jua lenyewe, lile la angani! Wewe unayecheka, cheka umalize kabisa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Huko juani sakafu ilitokota kama uji wa harusi, bwata, bwata, mchana kutwa. Na kutoka sakafuni zilichomoza kamba za moto. Kila kamba ilipanda juu, ikajipinda tao, ikashuka tena sakafuni. Haikuwa na ncha inayoning'inia. Moto ulitembea ndani yake, ukapanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mguu wa pili. Aliyenaswa kwenye kamba aliweza kuteleza nayo kama ushanga kwenye uzi, lakini kutoka nje yake, thubutu!

Tembo alikuwa na boma lake la kamba. Jirani yake Kifaru naye alikuwa na lake. Siku moja watoto wa Bi Pimbi walikuwa wanaota moto karibu na kwa Tembo. Tembo akazivuta kamba zake, fwaa, zikawafunika.

"Mjomba Tembo, hao wanangu!" Bi Pimbi akapiga kelele.

"Walio chini ya kamba zangu ni wangu," akasema Tembo. "Watanikuna mgongo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mgongo uache kuwasha."

Na mgongo wa tembo, wanangu, huacha lini kuwasha?

Watoto wakatafuta njia. Wakateleza juu, wakateleza chini, puu! Wakajikuta palepale kwa Tembo, maana miguu yote miwili ya kamba ilikuwa bomani mwake. Kitinda, yule mdogo wa mwisho, alimwita mama yake mpaka sauti ikamkauka. Bi Pimbi alilia sana. Hata mimi nikifika hapa machozi hunilengalenga, na sioni haya kusema.

Lakini Bi Pimbi alikuwa na macho makali. Aliwahi kuona vikamba viwili, kimoja moto wake unapanda, kingine unashuka, vikisukumwa mpaka vikagusana. Paa! Vyote viwili vikakatika, na kila nusu ikaungana na nusu ya mwenzake. Na joto lake, usiseme!

Akaenda kuchungulia pale boma la Tembo lilipopakana na la Kifaru. Akaguna. Kwa Tembo moto ulikuwa unashuka, na kwa Kifaru pia unashuka. Kamba za mwendo mmoja hata zikibanana husuguana tu, hazikatiki.

Akajifuta machozi, akaenda kwa Kifaru.

"Hodi, Mzee Kifaru!"

"Karibu. Sema upesi, nina hasira."

"Hasira za nini, mzee wangu?"

"Bado sijaamua."

"Mimi nimekuja kukupa pole tu. Huko nje wanasema moto wako unamwiga Tembo. Wake ukishuka, na wako unashuka. Eti umekuwa kivuli chake."

"Mimi? Kivuli?" Kifaru akafoka, fuu! "Nani kasema?"

"Mimi sitaji majina. Ila ningekuwa na pembe kama hiyo, moto wangu ungepanda palepale wake unaposhuka."

Basi Kifaru hakungoja. Akaing'oa miguu ya kamba zake, ng'wa! ng'wa! Akaigeuza yote, huu ukaenda kule na ule ukaja huku.

Bi Pimbi huyo, mbio kwa Tembo.

"Mjomba, Kifaru kageuza boma zima! Anasema kamba zako legelege, atazisukuma mpaka jikoni kwako."

"Legelege?" Tembo akazishika kamba zake, akaanza kuzisokota. Kwii! Kwii! Kifaru akasikia, naye akasokota. Huyu anakaza, yule anakaza. Kamba zikavimba, zikaanza kuegemeana mpakani, zikilia nyii, nyii.

"Basi, mjomba, legeza kidogo," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Zitakatika."

"Kamba yangu ikatike? Nenda zako huko!" Tembo akakaza zaidi.

Bi Pimbi akakimbia mpakani. "Wanangu! Pandeni mpaka juu kabisa ya tao, mshikane mikono! Atakayebaki chini atabaki na mjomba!"

Wakapanda. Lakini Kitinda alikuwa bado mgongoni kwa Tembo, anakuna.

"Kitinda! Acha kukuna!"

"Mama, mjomba atanipiga!"

"Mjomba ana kazi nyingine! Panda, mwanangu, panda!"

Kitinda akapanda, akateleza. Akapanda tena huku analia. Dada yake akanyoosha mkono, akamvuta kwa sikio.

PAAA!

Kamba ya Tembo ikakatika. Ya Kifaru ikakatika. Chini, nusu ya Tembo ikaungana na nusu ya Kifaru, zikawa tao fupi lililowabana wote wawili, pua kwa pua.

"Toa mkonga wako machoni mwangu!"

"Toa pembe yako kwanza!"

Na juu je? Nusu zilizobaki ziliungana zikawa tao moja kubwa, watoto wakiwa juu yake, limejaa nguvu zote walizozisokota wale wakubwa. Likafyatuka kama manati. Fyuuu! Joto likatapakaa angani, na mpaka leo hewa ya juu ya jua ni ya moto kuliko sakafu yake. Bi Pimbi akaruka, akaudaka mguu wa Kitinda, na wote wakarushwa mbali, mbali, mpaka wakaangukia juu ya jabali la ubaridi, hapa hapa kwetu.

Kitinda akatazama huku na huku.

"Mama, hapa hakuna kamba?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nenda popote utakapo, uone."

Akaenda, taratibu kwanza, kisha mbio. Akazunguka jabali zima, akapotelea nyuma yake. Mama yake hakumwita. Baadaye kidogo akarudi, amechoka kwa kicheko, akajilaza kifuani pake.

Hadithi yangu imefika nilikotaka ifike, na inatuambia hivi: mwenye nguvu asiyejua kulegeza, siku moja nguvu zake zenyewe zitamfungua yule aliyemfungia.