Jaruba la Tupokigwe

Siku ile bondeni walikuwepo wanawake wanne: Tupokigwe, mwenye jaruba la mpunga na mgongo unaouma, wifi yake Sekela, mwenye mikono ya kukanda, jirani yao Atupele, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na Mpoki, mwenye mabega ya nguvu. Watoto wa Tupokigwe, Ipyana na wadogo zake, walikuwepo pia, wameketi ukingoni wakingoja uji.

Sekela ndiye aliyekuwa akimkanda wifi yake kila alfajiri kwa maji ya moto. Bila mikono ile Tupokigwe asingetoka kitandani, na watoto wangelala na njaa. Basi alikandwa, akaenda shambani, akainama, akapanda.

Atupele alimtazama akivuka ukingo wa jaruba. "Mama Ipyana, mguu wa kushoto huunyanyui, unauzungusha. Hiyo ni nyonga."

"Mgongo ndio unaoniuma, wewe unaniangalia makalio," Tupokigwe alijibu, wenzake wakacheka. Atupele hakucheka. Alikuwa amelisema jambo hilo tangu msimu uliopita, mpaka wakamwita daktari wa nyonga.

Asubuhi hiyo Tupokigwe aliinama na miche mkononi, akashindwa kuinuka. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia ya magari. Mpoki akaiacha miche yake, akambeba mgongoni hadi hospitali. "Usinishukuru. Mzito kama gunia la mpunga mbichi," alisema akihema. Aliporudi, jua lilikuwa limeikausha miche yake ukingoni, hana mingine ya kupanda.

Daktari alijaribu kuukunja mguu, ukagoma. "Nyonga imelika," alisema. "Kila ulipoinama ilikataa kukunjika, mgongo ukabeba kazi yake na ya nyonga. Ungekuja mapema tungekusaidia. Sasa hutainama tena kupanda."

Tupokigwe alilia kimya. Kisha akasema jaruba atampa mmoja tu kati ya wale watatu, maana ni dogo, halifai kugawanywa. Na huyo ndiye atakayewalisha wanawe.

Ampe Sekela? Mikono yake iliwaokoa watoto na njaa, lakini ndiyo iliyomrudisha mama yao shambani kuimaliza nyonga. Atupele? Aliona kweli, ila hakumshika mkono kumpeleka. Mpoki? Alimfikisha wakati mambo yameshaharibika, lakini ndiye aliyepoteza mpunga wake.

Nyie mnaonisikiliza, mngempa nani?

Tupokigwe alishindwa kuamua. Msimu ule jaruba liliota magugu.