Mama Aliyekaa Upande wa Pili wa Kitabu

Wapendwa, kabla sijashuka hapa mimbarani, nisikilizeni habari ya mama mmoja. Kijiji chake msikitafute kwenye ramani, na padri wake msiniulize ni nani, maana yote nimeyatunga mwenyewe juzi nikichambua maharage. Lakini kaeni sawa. Na ninyi wa viti vya nyuma, hizo simu zitawangoja.

Ni zamani zile Habari Njema ilipokuwa ikiingia bara, wakati hakuna kanisa hata la nyasi. Pale kijijini mtu aliyemfuata Kristo hakuitwa Mkristo. Aliitwa msomaji. Na masharti yalikuwa hayo hayo: hubatizwi mpaka usome Kitabu kwa macho yako mbele ya padri, naye padri alifika mara moja kwa mwaka, baada ya siku nane za kutembea kwa miguu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Kijiji kizima, kitabu kimoja! Alikileta mwalimu, mtu mpole aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara, akakibeba kutoka pwani kimefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Wakati wa kusoma yeye alikaa kwenye kigoda, kitabu magotini. Wazee wakakaa kulia kwake, vijana kushoto, na waliokosa nafasi wakasimama nyuma wakichungulia begani. Na wanawake? Wanawake walikalishwa mkekani, mbele yake, wakitazamana naye. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo watu walivyozoea kukaa.

Pale mkekani alikuwapo mjane mmoja ambaye hakujaliwa mtoto. Mnajua kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe, Mama Fulani. Huyu hakuwa mama wa mtu. Mumewe alipofariki, hata kule kuitwa mke wa fulani kukaisha, na waliomkumbuka kwa jina la utotoni walikuwa wamekwisha kuzikwa. Basi watu walimwita "we mama", wakati mwingine "we" peke yake, naye akaitika. Angefanyaje?

Siku moja mwalimu alisoma habari za mchungaji anayewaita kondoo wake kwa majina. Mjane akaacha kusuka ukili aliokuwa nao mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli mtu akibatizwa hupewa jina. Mwalimu akamjibu ni kweli, tena linakuwa lake hata baada ya kufa. Kuanzia siku hiyo mama yule hakukosa darasa. Mvua inyeshe, magugu yaote, yeye yupo mkekani, macho hayabanduki kwenye magoti ya mwalimu, kidole kinaandika vumbini. Alisoma hivyo miaka miwili.

Padri akaja. Watu wakaitwa mmoja mmoja, wazee wakasoma, vijana wakasoma. Zamu ya mjane ilipofika, padri akamwekea kitabu mikononi, kimefunguliwa vizuri. Mama akatazama. Jamani, hakuona hata herufi moja anayoijua! Akadhani padri amemletea kitabu kingine. Akakigeuza, kichwa chini miguu juu, na palepale watu wakaangua kicheko. Hata waliosimama nyuma walicheka. Padri hakucheka; alikuwa mtu mwema. Akakichukua taratibu, akakigeuza tena kama anavyokijua yeye, akamrudishia. Na mama, kwa haya iliyomshika, hakuthubutu kukigeuza mara ya pili. Akakifunga, akamrudishia padri.

Padri akamwambia asife moyo, mwakani atarudi. Mwalimu akainamisha kichwa. Mjane akatoka, akaenda moja kwa moja shambani kwake, akapalilia kwa nguvu, na machozi yakamtoka. Nani alikuwa na hakika na mwakani? Kikohozi kilikuwa kimeshamwanza kifuani. Aliogopa kuzikwa bila jina, na aliogopa sana.

Alasiri mwalimu akamfuata. Hakujua amwambie nini, maana kwa siri na yeye alikwisha amini kwamba mama huyu alikuwa akikariri tu. Akakaa juu ya gogo, akafungua kitabu magotini ili asome walau maneno ya kumfariji. Mjane akaketi chini, mbele yake, pale pale alipozoea. Mwalimu akawa anapekua kurasa akitafuta, hajatamka neno bado. Mama akaanza kusoma.

Alisoma polepole, silabi kwa silabi. Na ukurasa ule haukuwahi kufundishwa.

Mwalimu akanyanyua uso. Akafunua ukurasa mwingine, mama akasoma. Akafunua wa mwisho kabisa, mama akasoma. Halafu akakigeuza kitabu kimwelekee mama, na mama akanyamaza, akamtazama kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Akakirudisha kilivyokuwa, mama akaendelea pale alipoachia. Miaka miwili alikuwa akizitazama herufi kutoka upande wa pili, zimesimama kwa vichwa, na hivyo ndivyo alivyozijua. Hakujua kama zina upande mwingine. Nani alimwambia?

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Alipoweza kusema, alisema hivi: "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekukalisha hapo."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa padri, kabla hajafunga mizigo yake. Mwalimu akamwomba padri akae kigodani, kitabu magotini, na mama akaketi mbele. Akasoma mpaka padri mwenyewe akamwomba apumzike. Kisha padri akamtafutia ukurasa wenye habari za mjane mmoja aliyedumu hekaluni miaka mingi akingoja, akaweka kidole chini ya jina lake. Mama akalisoma kutoka upande wake: "A-na. Ana." Akarudia mara tatu, na mara ya tatu akatabasamu. Padri naye akatabasamu, akamwambia kwamba jina hilo ukilianzia mbele au ukilianzia nyuma linabaki lile lile.

Akabatizwa Jumapili ile. Ana.

Basi mnadhani hadithi imeisha. Mshaanza kutafuta sadaka mifukoni. Ngojeni kidogo.

Mwalimu yule alihamishiwa kijiji kingine, kitabu kikabaki, na aliyekuwa na nafasi ya kufundisha, asiye na mume wala mtoto wa kumzuia, alikuwa Ana. Akapewa darasa. Watu wakanong'ona, atafundishaje mtu anayesoma kichwa chini? Ana akakaa kwenye kigoda, akawaweka wanafunzi mkekani mbele yake, wanawake na wanaume, wazee na watoto. Akafungua kitabu. Mwalimu wa kwanza alikuwa akikielekeza kwake mwenyewe, maana asingeweza kusoma vinginevyo. Ana alikielekeza kwao. Yeye akasoma kutoka juu, herufi zikiwa zimempa visogo, na wao wote, kila aliyekaa mkekani, wakaziona zimesimama sawasawa. Walijua kusoma mapema kuliko darasa lolote lililotangulia. Na yule ambaye hakuwa mama wa mtu, watoto wa kijiji kizima wakamwita Mama Ana.

Ndugu zangu, sasa nawauliza. Sisi tumekishika Kitabu kinamwelekea nani? Maana tumekisoma, tunakijua, wengine wetu tunaweza kutaja sura na mstari tukiwa usingizini. Lakini kimetuelekea sisi. Tunamkalisha mwenzetu upande wa pili, halafu anapokishika vibaya tunacheka. Binti aliyezaa nyumbani, nani alimkalisha pale anapokaa? Yule mzee anayenuka pombe akija ibada ya asubuhi? Tunawapima kutoka upande wetu, tunawaambia waje mwakani.

Mwalimu yule aliokoka siku aliposema, ni mimi niliyekukalisha hapo. Mimi mchungaji wenu bado sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote, na leo naona aibu.

Kuna mama anakaa pale karibu na mlango, benchi la mwisho, kitenge cha kijani. Msigeuke wote kwa pamoja, mtamtisha. Anakuja hapa tangu Januari. Nimewauliza wazee wa kanisa, nimewauliza kwaya, nimejiuliza mimi mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu anayejua anaitwa nani. Leo sitasimama mlangoni kuwapa mkono. Nakwenda kuketi naye benchi lile, nimuulize jina lake.