Kasi ya Fisi na Bomba la Mashariki

Mwaka ambao mvua ilikuja mara moja, ikanyesha dakika kumi na moja na kuondoka, Mbuga ya Kiwambo ilibakiwa na kisima kimoja chenye mabomba mawili. Tembo walikunywa kwa mabavu, nyumbu wakakanyagana, digidigi wakalamba umande. Simba, mfalme wao, akaamuru iandikwe programu ya simu: mnyama aombe zamu, na zamu yake ikifika, bomba lifunguke lenyewe. Bomba la mashariki alikabidhiwa Fisi na timu yake. La magharibi alikabidhiwa Kobe na nungunungu wawili.

Mfalme hakujua programu inaandikwaje, ila alikuwa ametoka semina ya masimba, na hakuna anayerudi semina mikono mitupu. Alirudi na ubao. Kila kazi iandikwe kwenye kadi, timu yenyewe iseme kadi ina uzito wa kokoto ngapi, na kazi ikiisha kadi ihamie upande wa IMEKAMILIKA. Jumla ya kokoto za wiki ndiyo kasi ya timu. Baada ya wiki tatu, timu yenye kasi kubwa ingekunywa ya kwanza kiangazi chote. Yenye kasi ndogo ingehama kisimani.

Kisima cha jirani kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa swala. Kwa Kobe, kuhama kulikuwa kufia njiani.

Wiki ya kwanza Fisi alipata kokoto kumi na mbili. Wiki ya pili aligundua kwamba anayetaja uzito ni yeye mwenyewe, akapata tisini. Kuchagua rangi ya kitufe: thelathini. Kubadilisha rangi hiyo: thelathini. Kurudisha rangi ya kwanza: thelathini tena. Wiki ya tatu alifikisha mia nne na kumi, na timu yake ikawa na kasi kubwa kiasi cha kulala mchana kutwa.

Kobe alipata nane, nane, na nane.

"Shikamoo, Mzee Kobe," alisema Fisi mbele ya ubao. "Naona nane imeshakuwa jina la ukoo."

"Marahaba. Bomba lako limeshatoa maji?"

"Maji hayana kadi, mzee."

Sungura, karani wa ubao, alikuwa amelijaribu bomba la mashariki mara tatu na kuondoka na kiu. Alimnong'oneza mfalme, naye akajibiwa kwamba ubao uliotoka semina haudanganyi. Sungura hakubishana. Aliinama na kwenda kutafuta njia nyingine.

Siku ya hukumu, mbele ya mbuga nzima, alimpongeza Fisi mpaka Fisi akaona haya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mheshimiwa," akamwambia Simba, "kasi kama hii isichanganywe na wanyama wa polepole. Fisi anywe kwanza, na anywe kwenye bomba lake mwenyewe tu, kiangazi chote."

Fisi alikubali papo hapo. Aliomba jambo moja, zamu yake iwe ndefu maradufu. Simba akapiga muhuri wa kucha, na muhuri wa Simba haufutwi hata na Simba.

Fisi akabonyeza. Kitufe kikawaka kijani kizuri ajabu. Simu ikaandika: HONGERA, UMEKUNYWA. Bomba likabaki kavu. Akabonyeza tena. HONGERA, UMEKUNYWA TENA.

Upande wa magharibi, digidigi mmoja aliomba zamu, akasubiri dakika sita, akanywa.

Simba alikohoa, akatangaza kwamba alikuwa anawapima akili tu, na kwamba Kobe hahami. Sungura akaufuta ubao wote na kuandika swali moja: tangu mnyama aombe maji mpaka anywe, ni muda gani? Kwa magharibi akaandika dakika sita. Kwa mashariki aliacha wazi, kwa kuwa Fisi alikuwa bado anabonyeza.

Jioni Fisi alimwendea Kobe na kuomba japo kikombe. Kobe alimwonyesha muhuri, taratibu, kama afanyavyo kila kitu. Kesho yake Fisi akashika njia ya kisima cha jirani, akilamba umande uliosazwa na digidigi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.